Moli si pembetatu ya kukariri: leteni maswali yaliyowashinda tuyafanye hapa

Mzee wa Bureti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila shule zikifika mada ya moli kidato cha tatu, simu yangu haitulii. Mtoto anasawazisha milinganyo vizuri, jedwali la elementi analijua, lakini akikutana na "gramu 5 za kitu fulani zitatoa gesi kiasi gani" anaduwaa. Ukimuuliza moli ni nini anakujibu "ni n". Ukimuuliza n ni nini anakuchorea pembetatu, kile kichoro cha kukariri fomula.

Nasema wazi kabisa: zile pembetatu zinawaharibu. Ipo ya uzito, ipo ya ujazo wa gesi, ipo ya mmumunyo, na mtoto anakaa kuchagua pembetatu badala ya kufikiri.

Moli ni idadi. Ukisema moli moja umesema 6.02214076 × 10²³ ya kitu unachokitaja, kiwe atomu, molekuli, ioni au elektroni. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kimataifa kama ilivyo. Zamani moli ilielezwa kwa idadi ya atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12. Avogadro mwenyewe, ambaye namba imepewa jina lake, hakuwahi kuijua. Yeye mwaka 1811 alichosema ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Jina la Avogadro lilipendekezwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909, Avogadro akiwa kaburini zaidi ya miaka 50.

Sasa nani atakaa ahesabu atomu? Hakuna, kwa hiyo tunapima uzito. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari ya inchi 4 muuzaji hahesabu mmoja mmoja, anaweka kwenye mizani. Ukijua kilo moja ina misumari mingapi, umeshajua umenunua mingapi bila kugusa hata mmoja. Moli ni hivyo hivyo. Gramu 12 za kaboni, gramu 18 za maji, gramu 100 za kalsiamu kaboneti, zote zina idadi ileile ya chembe.

Na hapa ndipo penye kiini cha uzi huu: mlinganyo wa kemia haujui gramu. Unahesabu vichwa tu. 2H₂ + O₂ → 2H₂O inasema molekuli mbili kwa moja. Haisemi gramu mbili kwa gramu moja. Ukitaka kutoka gramu za kitu hiki kwenda gramu za kitu kile, lazima upite kwenye moli. Njia ya mkato haipo.

Leteni maswali.

---

Injinia wa Mtaa

Mkuu, nakuheshimu ila hapo kwenye pembetatu umepitiliza. Mimi nimefaulu kwa pembetatu na leo nina kazi. Mtihani ni wa muda, mtoto hawezi kukaa anafalsafu idadi ya vichwa. n = m ÷ M (moli ni gramu ulizonazo gawa kwa gramu za moli moja), basi, maisha yanaendelea.

---

Mzee wa Bureti

Injinia, n = m ÷ M sina ugomvi nayo. Ni mgawanyo wa kawaida: una gramu kadhaa, moli moja ina gramu kadhaa, je, umebeba moli ngapi? Asiyeelewa hilo hata umchoree pembetatu kumi ataweka namba mahali pasipo pake. Subiri uone, maswali yatakuja tu.

---

BintiKemia

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tatu. Tulifanya praktiko ya kutafuta x, yaani idadi ya molekuli za maji zilizoshikwa na kila kaboneti, kwenye Na₂CO₃·xH₂O. Tuliyeyusha gramu 3.43 za fuwele, tukajaza maji mpaka 250 cm³. Kila 25 cm³ ya mmumunyo ilimaliza 24.00 cm³ ya asidi ya haidrokloriki (HCl) ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa kila dm³ (lita). Mimi nimepata x = 2. Mwalimu ameandika 10 bila maelezo. Nimerudia mara nyingi bado napata 2. Nimekosea wapi?

---

Injinia wa Mtaa

Mdogo wangu, tumia MaVa ÷ MbVb = na ÷ nb (a ni asidi, b ni kaboneti; M ni moli kwa dm³, V ni ujazo, n ni namba ya mbele kwenye mlinganyo). Inatoka yenyewe.

---

BintiKemia

Kaka, nimetumia hiyo sasa hivi, nimepata sodiamu kaboneti gramu 5.09. Lakini fuwele zote zilikuwa gramu 3.43.

---

Mzee wa Bureti

Marahaba binti. Kwanza hongera, maana umeona mwenyewe kwamba 5.09 haiwezi kutoka ndani ya 3.43. Wengi wangeandika na kupiga mstari chini. Fomula aliyokupa Injinia ni sahihi, ila umebadilishana n ya asidi na n ya kaboneti, ndiyo maana jibu limefura. Fomula haikuonyi ukiigeuza.

Sasa tufanye kwa vichwa.

Asidi uliyotumia: 24.00 cm³ ni 0.024 dm³. Kila dm³ ina moli 0.1. Kwa hiyo zimetumika moli 0.0024 za HCl.

Sasa usiguse kalkuleta. Andika mlinganyo:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kaboneti moja inakula HCl mbili. Kwa hiyo kaboneti iliyokuwemo kwenye pipeti (ile 25 cm³ uliyopima) ni *nusu* ya HCl: moli 0.0012. Hapa ndipo ulipoteleza mara ya kwanza. Uliruka uwiano, ukachukua 0.0024 kama ilivyo, na ukiendelea na hiyo unapata x = 2 kwa usafi kabisa. Ni kosa linalotoa namba nzima nzuri, ndiyo maana hukulishtukia.

Pipeti ni 25 cm³, chupa nzima ni 250, kwa hiyo chupani kuna moli 0.012. Moli moja ya Na₂CO₃ ni gramu 106 (23 + 23 + 12 + 48). Zidisha: gramu 1.272. Zilizobaki kwenye 3.43 ni maji: gramu 2.158. Gawa kwa 18, unapata moli 0.12 ukikadiria. Maji 0.12 kwa kaboneti 0.012 ni kumi kwa moja.

x = 10. Mwalimu wako yuko sahihi, ila angeandika mstari mmoja wa maelezo asingepungukiwa kitu.

---

BintiKemia

Aaah! Kumbe ni ile 2 mbele ya HCl. Nilidhani ile ni ya kusawazisha tu.

---

Mzee wa Bureti

Ndiyo kazi ya kusawazisha yenyewe hiyo, mwanangu. Zile namba za mbele ndizo uwiano wa moli. Watu wanasawazisha ili wapate alama moja, halafu hawazitumii kabisa.

---

Fundi Tanuu

Assalaam alaykum. Mie si mwanafunzi, nachoma chokaa huku Unguja. Mwanangu kanionyesha huu uzi, nami nina suala la kazi. Tulipima mawe ya matumbawe kilo 500 tukayatia tanuuni. Tulipotoa, tukapima, tukapata kilo 310. Wenzangu wamefurahi kuwa tanuu limetoa chokaa nyingi. Je, hesabu zenu za darasani zinasemaje, hiyo ni nyingi au kidogo?

---

Mzee wa Bureti

Waalaykum salaam fundi. Suali lako ni bora kuliko mengi ya mitihani. Jibu fupi: ni nyingi *mno*, na hiyo si habari njema.

Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Moto unaligawa:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moja kwa moja kwa moja, hakuna mbili humu. Moli moja ya jiwe ni gramu 100. Moli moja ya chokaa isiyotiwa maji, CaO, ni gramu 56. Gesi iliyopanda juu ni gramu 44. Kilo 500 ni gramu 500,000, sawa na moli 5,000. Jiwe likiwa safi, kavu, na likiiva lote, unabaki na moli 5,000 za CaO: kilo 280. Kilo 220 zinaondoka hewani.

Wewe umepata 310. Zile 30 za ziada zimetoka wapi? Ni gesi ambayo haijatoka. Gramu 30,000 gawa kwa 44 ni kama moli 682. Kila moli ya gesi iliyokwama ni moli moja ya jiwe ambalo halijaiva, na moli 682 za jiwe ni kilo 68. Yaani katika kilo zako 310, takribani 68 bado ni mawe vilevile na chokaa ni kama 242.

Lakini hapa lazima niwe muungwana. Hesabu hii inachukulia kwamba jiwe lote ni kaboneti. Kama lilikuwa na mchanga au udongo, hivyo havipungui uzito kwa kutoa gesi kama kaboneti, na vinabaki humo vikikuongezea kilo. Kwa upande mwingine, jiwe likiwa limelowa wakati wa kulipima, maji yake yanaondoka na kukupunguzia. Na chokaa ikikaa wazi siku kadhaa kabla ya kupimwa, inanyonya unyevu wa hewa na kuongezeka uzito. Kwa hiyo mizani peke yake haihukumu.

Fanya hivi: chukua kiasi kidogo, kitie maji. Kilichoiva kitachemka na kuwa unga. Kile kibonge kinachobaki kigumu kioshe, kipasue, kidondoshee siki katikati. Kikitoa mapovu, hilo ni jiwe bichi. Kisipotoa kitu, hicho ni mchanga au kitu kingine. Linda macho tafadhali, chokaa isiyotiwa maji haina mzaha na jicho.

---

Fundi Tanuu

Ahsante mwalimu. Nimeelewa, ila hayo maji, niyatie kiasi gani kwa kilo 280?

---

Injinia wa Mtaa

Hii naomba niijibu mimi, bila pembetatu 😂

CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Moli 5,000 za CaO zinataka moli 5,000 za maji. Mara gramu 18: kilo 90, yaani lita 90. Unga utakaopata ni moli 5,000 mara gramu 74: kilo 370.

---

Mzee wa Bureti

Injinia ameokoka! Hesabu ni safi. Fundi, lita 90 ni zile zinazoingia ndani ya unga wenyewe. Mmenyuko huu unatoa joto kali na maji mengine yanageuka mvuke na kupotea, kwa hiyo kwa vitendo utamwaga zaidi ya hapo. Endelea kama ulivyozoea, mkono wako unajua.

---

Mama Mapacha

Samahanini, nami niingize langu. Mmoja wa wanangu amepewa: magnesiamu gramu 2.4 imewekwa kwenye 100 cm³ ya HCl ya 1 M, tafuta ujazo wa haidrojeni kwa s.t.p. (nyuzi 0 na mgandamizo wa kawaida wa hewa). Kajibu 2.24 dm³, amekoseshwa. Anasema moli za magnesiamu ni 0.1, za asidi ni 0.1, zimelingana, kwa hiyo gesi ni 0.1. Mimi naona yuko sawa?

---

Mzee wa Bureti

Mama mapacha, mwanao kahesabu moli zote mbili vizuri, ila kalinganisha kabla ya kuangalia mlinganyo.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Magnesiamu 0.1 inataka asidi 0.2. Iliyopo ni 0.1. Asidi itaisha katikati ya safari, basi asidi ndiyo yenye usemi. Moli 0.1 za HCl zinatoa moli 0.05 za haidrojeni, mara 22.4 (dm³ za moli moja ya gesi kwa s.t.p.) ni 1.12 dm³. Na magnesiamu moli 0.05, yaani gramu 1.2, itabaki chini ya chombo inakuangalia.

Moli kulingana si sawa na kutoshelezana. Aliyetunga swali hilo alichagua 0.1 na 0.1 makusudi.

---

Mkaazi wa Kajiado

Salamu kutoka Kenya. Swali: huko kwenu mnatumia 22.4, sisi huku mara 22.4, mara 24. Wanafunzi huwa wanauliza ipi ni ya kweli. Mimi huwaambia wasome mwisho wa swali, lakini hilo si jibu.

---

Mzee wa Bureti

Karibu ndugu. Zote ni za kweli, mahali pake. Gesi hupanuka ikipata joto. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa kawaida wa hewa, moli moja ya gesi inachukua takriban 22.4 dm³. Kwenye joto la chumba inachukua kama 24. Utaona hata 22.7 kwenye vitabu vipya, kwa sababu shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lilibadili mgandamizo wa rejea mwaka 1982 ukawa kilopaskali 100. Mitihani yetu mingi imebaki na 22.4.

Idadi ya molekuli ni ileile, kinachobadilika ni nafasi zinayojipatia. Na namba hizi ni za *gesi tu*. Nimeona mtu anazidisha moli za chumvi kwa 22.4.

---

Injinia wa Mtaa

Tukiwa kwenye gesi, nimefanya hesabu ya mtungi mdogo wa kilo 6 nyumbani nikachanganyikiwa. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, lakini nikachukulia yote ni propani kurahisisha. C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Gramu 6,000 gawa kwa 44 ni moli 136.4. CO₂ mara tatu, moli 409, mara gramu 44, napata kilo 18. Gesi kilo 6 inazaaje kilo 18 za hewa chafu?

---

Mkaazi wa Kajiado

Umesahau upande wa kushoto kuna oksijeni. Moli 682 mara 32 ni kilo 21.8, zimetoka hewani jikoni kwako. Ongeza kilo 6, jumla 27.8. Upande wa kulia CO₂ kilo 18 na mvuke wa maji kilo 9.8. Imetimia. Ndiyo sababu usifunge madirisha ukipika.

---

BintiKemia

Mwalimu, swali la haraka. Gramu 16 za oksijeni ni moli ngapi? Mimi nasema 1, rafiki yangu anasema 0.5, tumegombana.

---

Mzee wa Bureti

Mmegombana bure, swali lenyewe halijakamilika. Ni moli 1 ya *atomu* za oksijeni, au moli 0.5 ya *molekuli* O₂. Ukitaja moli bila kutaja ya nini, hujasema kitu. Mtihani ukisema "gesi ya oksijeni", ni O₂, rafiki yako anachukua alama.

---

Mkaazi wa Kajiado

Nami niwape la kwetu kwa ajili ya mazoezi. Ziwa Magadi lina madini ya trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Kiwandani huchomwa ili ibaki magadi soda kavu inayotumika sana kutengeneza vioo:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Moli moja ya trona ni gramu 226. Mbili ni 452. Kaboneti tatu ni 318. Kwa hiyo tani moja ya trona safi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 704 hivi za magadi soda, hata uwe na mtambo wa namna gani.

Sasa BintiKemia: nachoma gramu 4.52 za trona. Nipe uzito wa kaboneti itakayobaki, na ujazo wa gesi kwa s.t.p.

---

Fundi Tanuu

Mwalimu, nimerudi. Nimevipasua vibonge vitano. Vinne vimetoa mapovu katikati, kimoja kimya. Na vyote vinne vilikuwa vya yale mawe makubwa.

---

Mzee wa Bureti

Basi fundi umepata jibu. Moto haukufika kiini cha jiwe kubwa. Kabla ya kuongeza magogo, vunja mawe yalingane, madogo kuliko ulivyozoea. Ukipima tena na ikashuka kuelekea 280, usisikitike, ndiyo faida yenyewe.

---

BintiKemia

Nimefanya. 4.52 gawa kwa 226 ni moli 0.02 za trona. Mbili zinatoa kaboneti tatu, kwa hiyo 0.03, mara 106, gramu 3.18. Gesi: CO₂ ni 0.01, mvuke wa maji ni 0.05, jumla 0.06, mara 22.4 ni 1.344 dm³.

---

Mkaazi wa Kajiado

Kaboneti sawasawa kabisa. Gesi rudia. Nilisema s.t.p., nyuzi 0.

---

BintiKemia

Ooh, maji kwenye nyuzi 0 si gesi! Basi ni CO₂ peke yake, 0.01 mara 22.4, ni 0.224 dm³. Yaani 224 cm³.

---

Mzee wa Bureti

Hapo sawa. Injinia, umeona pembetatu ipi ingemwambia hilo?

---

Injinia wa Mtaa

Nimekaa kimya mkuu 😂